Unaanza kukusanya bastola za kijeshi za zamani? Pitia hapa kabla hujatoa hela

Watu wengi wanaoingia kwenye hii hobi wanaanza na kununua, wanaona bastola inang'aa kwenye picha, muuzaji anasema ilikuwa ya ofisa fulani wa Kijerumani, hela inatoka, halafu ndio wanaanza kuzunguka wakiuliza "jamani hivi hii ni nzuri?". Hapo umeshachelewa. Chuma chenyewe kimeandikwa: mihuri, namba, rangi, mikwaruzo, alama za mashine, na mtu akijua kuvisoma hivyo vitu hata muuzaji akinyamaza kimya bado atajua anaangalia nini. Kwa hiyo sehemu kubwa ya haya ninayoandika ni jinsi ya kusoma chuma, ila tupitie sheria kwanza maana bila hiyo utajikuta unaongea na polisi badala ya wakusanyaji wenzako.

Sheria, inaboa lakini ndio hivyo

Kila nchi ina mstari wake wa kusema hii ni bastola ya kale na hii ni silaha ya kawaida, na mistari hiyo haifanani hata kidogo. Marekani mstari uko kwenye sheria ya silaha ya 1968, iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla ni ya kale, ya 1899 na kuendelea ni silaha kama nyingine. Unakuta rivolva (bastola yenye silinda ya risasi inayozunguka) ya Nagant ya Urusi, modeli ya 1895, ikiwa na tarehe 1898 iko upande huu na ikiwa na 1899 iko upande ule, wakati ukiziweka pamoja mezani huoni tofauti. Ndio maana Luger ya 1917, bastola ya Kijerumani ambayo ina zaidi ya miaka 100, kwa sheria hiyo siyo ya kale. Ufaransa wanaangalia zaidi modeli, kama ni modeli ya kabla ya 1 Januari 1900 kwa kawaida inaingia kundi D ambalo mtu mzima anamiliki bila kibali. Uingereza wao wanaangalia mpaka risasi inayoingia humo ndani: tangu 22 Machi 2021 lazima iwe imetengenezwa kabla ya 1 Septemba 1939, iwe ya mfumo wa zamani wa kuwasha baruti au ya risasi iliyomo kwenye orodha ya zile zisizotumika tena, na uwe umeiweka kama pambo au kumbukumbu tu. Mabadiliko hayo hayo yaliondoa aina 7 za risasi kwenye orodha kwa sababu wahalifu walikuwa wanatumia bastola zake, mojawapo ile ya milimita 11 ya jeshi la Ufaransa ya 1873. Yaani rivolva ile ile, upande mmoja wa mlangobahari ni pambo, upande wa pili inataka kibali.

Kwa hiyo usichukue ushauri wa sheria kwa mtu wa nchi nyingine hata kama anajua bastola kuliko wewe mara kumi. Uliza ofisi inayotoa vibali huko uliko, na jibu ulipate kwa maandishi. Uliza pia kuhusu vitu vya pembeni ambavyo watu wanavisahau: risasi za zamani (hata moja tu ya kupamba), kitako cha mbao kinachopachikwa nyuma kama kile cha Mauser C96 ambacho sehemu nyingine kinabadilisha kabisa hadhi ya bastola, na mipini ya pembe za ndovu ambayo ina sheria zake tofauti za kuvusha mpaka bila kujali bastola ina umri gani.

Chagua njia, usichukue kila kitu

Bastola za kijeshi zinajigawa zenyewe. Kuna gumegume za karne ya 18 na mwanzo wa 19, za jiwe na kisahani cha baruti, kama zile za Uingereza zenye neno Tower na taji kwenye bamba la mtambo, au za Ufaransa za Mwaka wa IX na Mwaka wa XIII kwa kalenda ya mapinduzi yao. Halafu zikaja za fataki (kikofia kidogo kinachogongwa na kuwasha baruti), hapo ndio unakutana na Colt Navy ya 1851, Colt Army ya 1860, Remington za vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani, na Beaumont-Adams za Waingereza. Baadaye rivolva za risasi zenye ganda la shaba, mfano hiyo ya Ufaransa ya 1873, Webley, Nagant. Na mwisho zile zinazojipakia zenyewe kuanzia Mauser C96 ya 1896, Luger, Colt M1911, Steyr ya 1912, mpaka zile za vita vya pili vya dunia.

Ushauri wangu kwa anayeanza, na najua kuna watu watakasirika, usianze na Luger. Ni bastola nzuri mno na ndio kila mtu anaitaka, na ndio tatizo lenyewe, kwa sababu imetengenezwa kwa miongo kadhaa na viwanda tofauti, DWM, Erfurt, Mauser, Simson, Krieghoff, kwa ajili ya majeshi ya nchi mbalimbali, ina matoleo mengi ambayo tofauti yake ni mhuri mmoja mdogo, na mhuri huo mmoja unaweza kupandisha bei mara kadhaa. Panapokuwa na mhuri mdogo wa bei kubwa pana mtu mwenye nyundo na patasi ya kuugonga. Hivyo hivyo M1911 ya Singer, walitengeneza 500 tu mwaka 1941, kila mkusanyaji anazijua, na feki zake zipo. Hayo ni mambo ya mwaka wa tano siyo wa kwanza.

Anza na kitu kilichotengenezwa kwa wingi, ambacho vitabu vyake vipo na vya kulinganisha navyo vipo. Rivolva ya Ufaransa ya 1873 kwangu mimi ndio mwalimu bora kuliko zote kama sheria ya kwako inairuhusu: imetengenezwa Saint-Étienne kwa ubora wa ajabu, modeli imeandikwa juu ya mtutu, mwaka wa kutengenezwa umepigwa pembeni, na karibu kila kipande kina alama ya mkaguzi, kwa hiyo unajifunza kusoma mihuri kwenye kitu ambacho hakikufichi kitu. Webley Mk VI ya 1915 na kuendelea nayo ni nzuri, ina mwaka wake, ina mshale mpana ambao ni alama ya mali ya serikali ya Uingereza, na ukikuta mishale miwili imegongwa inatazamana ncha kwa ncha ujue jeshi liliiuza rasmi. Nagant ya 1895 inafundisha kitu kingine, ina nafasi 7 na silinda yake inasogea mbele kubana kwenye mtutu ili gesi isivuje, mtambo wa aina yake kabisa, ila nyingi zimepita kwenye karakana za Kisovieti baada ya vita zikapakwa rangi upya na kupigwa namba upya, angalia kama kuna mhuri wa kisanduku chenye mstari wa mshazari ndani. Ukiukuta, hiyo ni bastola iliyofanyiwa ukarabati. Haina ubaya, ilipe tu bei ya bastola iliyokarabatiwa.

Ukishachagua njia kaa humo kwa muda. Mtu mwenye bastola tano za familia moja anajua mambo ambayo mwenye ishirini za mchanganyiko hajui.

Kabla ya hela: macho na mikono

Nunua kitabu kwanza. Hela ya kitabu kimoja kizuri cha modeli uliyochagua ni ndogo sana ukilinganisha na hela ya kupigwa mara moja. Halafu nenda kaone za kweli: Royal Armouries pale Leeds, Musée de l'Armée ndani ya Les Invalides Paris, jumba la historia ya jeshi Vienna, au jumba lolote la makumbusho lenye silaha lililo karibu nawe. Ila kwenye kioo hushiki, kwa hiyo minada ndio shule yenyewe. Nyumba nyingi za minada zina siku za kuangalia mali kabla ya mauzo, unaingia, unaomba kushika kwa heshima, unaangalia, unarudisha, unaenda nyingine, na hakuna anayekulazimisha kununua. Pia katalogi za minada iliyopita zina picha kubwa na bei iliyofikiwa, ukikaa nazo jioni kadhaa unaanza kujua bei bila kumuuliza mtu.

Adabu ya kushika: unaomba ruhusa kwanza, unamwambia mwenyewe afungue au akuruhusu ufungue, mdomo wa mtutu hauelekei mtu, kidole hakigusi triga, na usiifyatue hewani. Hilo la mwisho wanaoanza hawalijui, bastola za umri huu pini na springi zake zinakatika, na kipuri cha orijino hakipatikani dukani.

Ina risasi?

Kila bastola ina risasi mpaka wewe mwenyewe uhakikishe haina. Kwenye zinazojipakia unatoa magazini (kasha la risasi) kwanza, halafu unavuta slaidi (sehemu ya juu inayoteleza) nyuma na kuangalia chemba (pale risasi inapokaa tayari kupigwa) kwa macho, siyo kinyume chake. Luger na Nambu Type 94 ya Japani zina jambo la ziada, zote mbili kile kipande kinachoshikilia mtambo wa kupigia kinafikika kwa nje pembeni, kwa hiyo risasi ikiwa chemba inaweza kufyatuka bila triga kuguswa, na Luger inaweza kufanya hivyo hata sehemu ya juu ikiwa imeshatolewa kwenye fremu.

Zinazopakiwa mdomoni, gumegume na fataki, ndio wengi hawazihofii na ndio zinatakiwa kuhofiwa. Mtu aliipakia miaka 150 iliyopita, akaitundika ukutani, akafa, watoto wakairithi, na baruti nyeusi ikikaa pakavu haifi. Pima na mdeki au kijiti cha mbao: kiingize mpaka kigote, weka alama mdomoni, kitoe, kiweke kwa nje ya mtutu uone kimefika wapi. Kikifika usawa wa tundu la kuwashia ni tupu, kikikomea nusu njia kuna kitu humo, na kwa hapo usichokoe, usimwage mafuta halafu uendelee na kazi zako, mpelekee fundi bunduki. Kwenye rivolva ya fataki angalia kila nafasi ya silinda kwa mbele, moja moja.

Kusoma chuma

Sasa ndio tufike kwenye penyewe. Ukiipokea bastola usianze na mihuri, anza na umbo lote kwa ujumla kwenye mwanga mzuri. Kingo ziko kali au zimeviringika? Herufi ziko wazi au zimefifia kama zimelambwa? Matundu ya skrubu na pini yana ukingo mkali au yamebonyea kama visahani vidogo? Bastola iliyopigwa msasa na kutiwa rangi upya inajionyesha hapo hapo, kwa sababu gurudumu la kung'arishia linakula kingo, linavuta herufi upande mmoja, na linachimba pembeni ya matundu. Ni kama gari lililopigwa rangi upya, rangi ni nzuri lakini maungio yanasema. Na hili ndio wanaoanza wanalipata kinyume: bastola iliyochakaa kwa haki, rangi imegeuka kijivu na kahawia pale mkono unaposhika na pale holsta (mfuko wa bastola) inaposugua, ina thamani kuliko hiyo inayong'aa ya msasa. Rangi ya kiwandani ikiondoka hairudi.

Angalia uchakavu kama unaeleweka. Bastola iliyovaliwa kiunoni miaka mingi inachakaa mdomoni, kwenye kingo za mbele za slaidi au silinda, na kwenye mshikio. Ukikuta imechakaa katikati pasipoguswa na chochote lakini mdomo una rangi kamili, mtu amekaa nyumbani na pamba ya chuma. Kutu nayo ina mpangilio, vishimo vya kutu halisi havifuati mstari, na kama vishimo vipo lakini ndani yake kuna rangi mpya inayong'aa basi rangi imekuja baada ya kutu.

Usichanganye ukali wa kiwanda cha mwisho wa vita na ubovu. P38, bastola ya jeshi la Ujerumani ya vita vya pili, yenye alama ya kiwanda cyq, hiyo ni Spreewerk, za mwishoni zina mistari ya mashine waziwazi kama mtu alikuwa na haraka, na kweli walikuwa na haraka. Ndivyo zinavyotakiwa kuwa. Ukikuta cyq ya mwisho wa vita laini na inang'aa kama saa, hiyo ndio ya kuogopa. P38 za Walther zina alama ac na tarakimu mbili za mwaka, ac 42 ni ya 1942, na za Mauser ni byf na baadaye svw, kwa hiyo hata kama hujui Kijerumani neno moja unaweza kujua kiwanda na mwaka kwa sekunde tano.

Namba sasa. Majeshi mengi ya Ulaya yalipiga namba kwenye vipande vingi ili baada ya kusafisha kila kitu kirudi kwenye bastola yake. Kwenye Luger ya jeshi namba kamili iko kwenye fremu na mtutu, halafu tarakimu mbili za mwisho ziko kwenye vipande vidogo vingi, na kila kimoja unakiangalia, kwa sababu kipande kimoja kisicholingana kinashusha bei na muuzaji hatakutajia. Namba yenyewe ina tarakimu zisizozidi tano na mara nyingi herufi ya mtindo wa mwandiko wa mkono, na ilikuwa inaanza upya kila mwaka, kwa hiyo namba bila herufi na mwaka haina maana, bastola nyingi tu zinaweza kuwa na 4512. Magazini yenye namba ile ile ni bahati, na za vita vya kwanza magazini ya akiba ilipigwa alama ya kujumlisha chini. Ukiona namba zote zinalingana usifurahi mapema, linganisha na mtindo wa tarakimu: 4 iliyo wazi juu na 4 iliyofungwa kwenye bastola moja, au tarakimu zimezama kuliko nyingine, au ukingo wake umeinua chuma kidogo juu ya rangi, mtu amezigonga baadaye.

Ukikuta P38 au Luger yenye namba zilizokwaruzwa kwa kalamu ya umeme juu ya namba za zamani na rangi moja nzito mpaka kwenye vipande vidogo, uwezekano mkubwa ilitekwa na Wasovieti ikakarabatiwa na kuwekwa ghalani. Kwenye Luger kuna kidokezo kingine kizuri, za zamani mpaka katikati ya miaka ya 1930 baadhi ya vipande kama triga vilikuwa na rangi ya majani makavu iliyotokana na joto. Vikiwa vya bluu kwenye bastola ya 1916, swali. Vikiwa vya njano iliyokolea mno, inayong'aa bila kasoro, swali pia.

Tarehe zina mitego yake. Nambu Type 14 ya Japani haina mwaka wa kawaida, ina mwaka wa enzi ya Shōwa na mwezi, 18.5 unajumlisha 1925 unapata Mei 1943. Beretta 1934 ya Italia ina mwaka wa kawaida na mwaka wa kifashisti (kalenda ya utawala wa Mussolini) kwa namba za Kirumi, 1937 XV kwa mfano, na mwaka wao ulianza mwisho wa Oktoba, kwa hiyo hizo mbili lazima zikubaliane. Feki nyingi zinaanguka hapo, sijui kwa nini watu wanaojua kugonga mihuri hawajui kuhesabu.

Mihuri ya majaribio ya mtutu ni kitu kingine cha kujua hata kwa juu juu. ELG ndani ya umbo la yai ni Liège, Ubelgiji. London na Birmingham wana zao zenye taji. Ujerumani taji juu ya N ni ya kabla ya 1940, tai juu ya N ni ya 1940 kwenda mbele. Mauser iliyodaiwa kuwa ya jeshi lakini ina mihuri ya kiraia peke yake, bila mhuri wa mkaguzi wa jeshi, basi siyo ya jeshi mpaka ithibitike.

Kwa upande wa Colt na Remington za fataki adui ni kopi. Tangu mwisho wa miaka ya 1950 mafundi wa Gardone Val Trompia huko Italia wametengeneza kopi nzuri mno kwa wapiga shabaha, hakuna ubaya wowote, lakini sasa hizo za mwanzo zenyewe zina zaidi ya miaka 60 na zimezeeka kwa haki, mtu akifuta jina la kiwanda anakuuzia kama ya 1862. Tafuta herufi PN zenye nyota juu, huo ni mhuri wa Italia wa baruti nyeusi, na tafuta pia mahali palipopigwa tupa ambapo huo mhuri ulikuwa, mara nyingi chini ya mtutu au kwenye fremu. Colt Navy ya 1851 ya kweli ina picha ya vita vya majini imeviringishwa kwenye silinda, ni mapigano ya Campeche ya 16 Mei 1843, na kiasi cha picha kilichobaki ni kipimo kizuri cha hali ya bastola nzima. Za jeshi zina mhuri wa mkaguzi kwenye mbao za mshikio, ukiuona bado unasomeka hiyo mbao haijapigwa msasa.

Gumegume zina ujanja wake mkongwe. Kwenye miaka ya 1830 na 1840 majeshi yalibadilisha nyingi kuwa za fataki, halafu wauzaji wa baadaye, kwa sababu gumegume ina bei zaidi, wakazirudisha. Angalia karibu na tundu la kuwashia kama kuna chuma kilichozibwa, tundu kubwa kupita kawaida, na kama mdomo unaoshika jiwe na kile chuma kinachogongwa vina rangi na uchakavu tofauti na bamba vilipofungwa. Na kuna gumegume za mapambo za juzi tu zenye neno Tower limeandikwa kwa pupa, bamba lenyewe jembamba, skrubu zake za kisasa, hizo ukishashika moja ya kweli hutadanganyika tena.

Skrubu! Nilisahau skrubu. Mifereji ya skrubu iliyochanwa inamaanisha mtu asiye na bisibisi sahihi alikuwa humo ndani, na unatakiwa ujue alifuata nini.

Ndani ya mtutu mulika na taa. Baruti nyeusi na fataki za zamani ziliacha chumvi zinazovuta unyevu, kwa hiyo mtutu mweusi wenye vishimo kwenye bastola ya 1880 ni kawaida tu wala usivunje dili kwa hilo. Mtutu unaong'aa kama kioo kwenye bastola ambayo nje imeoza, hapo uliza.

Stori na karatasi

Stori isikilize, ni tamu, lakini hela lipia kile unachokiona. Karatasi ni kitu kingine: wanajeshi wa Marekani wa vita vya pili walipewa karatasi za kuruhusiwa kurudi na silaha waliyoteka, na ikiwa na namba ya bastola hiyo hiyo inaongeza thamani sana. Ikiwa imeandikwa "bastola moja ya Kijerumani" bila namba ni karatasi tu, inaweza kukaa na bastola yoyote. Holsta pia zina mihuri na miaka, holsta ya 1941 na bastola ya 1944 vinaweza kuwa viliishi pamoja, lakini asikuuzie kama seti ya kiwandani.

Ukinunua kwa picha omba picha zako mwenyewe, siyo zile za tangazo: pande zote mbili, juu, chini, kila namba kwa karibu, ndani ya mtutu, nyuma ya mbao za mshikio kama anaweza kuzifungua. Muuzaji mzuri anatuma. Anayesema "ni orijino mzee niamini" bila picha anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Kubaliana na haki ya kurudisha kabla ya kulipa, na mauzo yapite kwenye njia ya kisheria ya nchi yako hata kama jamaa anakwambia mnaweza kuirahisisha.

Ikishafika nyumbani

Hamu ya kwanza inayokuja ni ya kusafisha, izuie. Usiing'arishe, usiipake rangi, usitumie msasa wala dawa ya kung'arisha shaba. Kitambaa laini, mafuta mepesi ya bunduki kidogo sana, futa mpaka ubaki na utando usioonekana, basi. Kutu hai ya rangi ya chungwa loweka na mafuta siku kadhaa halafu uikwangue taratibu na kitu laini kuliko chuma, kijiti au shaba nyekundu. Ukitaka kinga ya muda mrefu kuna nta nyembamba za makumbusho, iliyo maarufu zaidi inaitwa Renaissance, ilitengenezwa na maabara ya British Museum, unapaka kidogo unasugua na kitambaa na alama za vidole hazishiki tena. Dawa zenye amonia weka mbali na bastola zilizopakwa nikeli, inapenya chini inakula shaba nyekundu na nikeli inabanduka.

Usiihifadhi ndani ya holsta ya ngozi, kamwe. Ngozi ina asidi za kutengenezea na inashika unyevu, hata ikionekana kavu, na utakuja kuitoa baada ya mwaka ukute kutu imechora umbo la holsta. Sponji za masanduku ya bei rahisi hivyo hivyo. Shika na glavu za nitrili, jasho la baadhi ya watu linaacha alama ya kidole kwenye chuma ndani ya siku moja. Unyevu wa hewa kwenye sefu uwe karibu asilimia 45 mpaka 50, chini sana mbao zinapasuka, juu sana kutu inaamka, kipimo kidogo cha unyevu na vifuko vya silika vinatosha.

Kupiga nazo? Kwa anayeanza, hapana. Sababu moja inatosha: Webley nyingi za .455 zilikwanguliwa silinda nyuma ili ziingie risasi za .45 ACP ambazo zina msukumo mkubwa kuliko bastola ilivyojengwa kuuhimili, na kwa macho zinaonekana sawa tu. Ukikuta silinda imekwanguliwa hivyo, na bei ishuke.

La mwisho ni daftari. Kila bastola piga picha zote, andika namba zote hata za vipande vidogo, nani amekuuzia, lini, kwa karatasi gani, na nakala moja ikae nje ya nyumba. Bima wataiuliza, polisi wataiuliza ikiibiwa, na watoto wako siku moja watahitaji kujua ipi ni ipi na inatakiwa kupelekwa wapi kisheria, na waandikie humo humo kwa herufi kubwa wasiisafishe kabla ya kuiuza.